Barua Mbili za Cibalonza

Sheria ya Cibalonza ilikuwa moja, na kila msichana aliyeajiriwa katika chumba cha mashine aliisikia siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa kiti chake: mwili unabaki nyumbani. Tumbo, mgongo, mimba, siku za mwezi, maziwa ya mtoto, yote hayo ni mambo ya nyumbani. Kazini inakuja mikono miwili na macho mawili. Aliishika sheria hiyo kwa miaka kumi na minne. Aliivunja mara moja tu, kwa muda wa dakika kama tano, mbele ya mwanaume mmoja.

Hakuitunga kwa ukali wa moyo. Mwaka 1961, wanawake wa Kizungu waliokuwa wakipiga mashine za kuandikia katika kampuni ile ya chai mjini Bukavu, juu kidogo ya Nyawera, walikuwa wamekimbia nchi, na barua zilikuwa zimelundikana. Cibalonza alikuwa na miaka thelathini na minne na watoto watatu. Kupiga mashine alikuwa amejifunza kwa masista, juu ya ubao uliochorwa herufi, kwa sababu mashine ya kweli ilikuwa moja na wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Direkta wa wakati ule, Mbelgiji, alimtazama toka kichwani hadi viatuni. "Wanawake wa hapa," alisema, "kila mwezi wagonjwa, kila mwaka mimba. Nikikuchukua nitaishia kupiga barua zangu mwenyewe." Cibalonza alimwahidi kwamba hatasikia hata neno moja juu ya mwili wake.

Hakulisikia. Mtoto wa nne alizaliwa Jumamosi mchana, kazi ikiwa imekwisha, na baada ya wiki mbili mama yake alikuwa mezani. Mwaka 1967, mji ulipoangukia mikononi mwa askari wa kukodiwa na watu wakakimbia na magodoro, yeye aliitia mashine yake ndani ya kitunga, akaifunika kwa sombe, majani ya muhogo, akaibeba mgongoni kwa kamba ya kichwa kama mama anayetoka shambani, mpaka kwake Bagira. Vita vilipokwisha aliirudisha. Ndiyo maana, kampuni ilipoondolewa kwa wageni na kupewa mwenyeji, Citoyen Muhigirwa (siku hizo kila mtu aliitwa Citoyen, mwananchi, badala ya bwana), aliwabadilisha karibu wakubwa wote lakini hakumgusa Cibalonza, ambaye sasa aliitwa Maman Chef, mkubwa wa wapiga mashine. Yeye peke yake alijua kila barua iko wapi.

Ahadi ile ilikuwa ya heshima siku ilipotolewa. Ubaya ulianza alipowavisha watu wengine ahadi hiyo bila kuwauliza.

Katika chumba kile kulikuwa na wasichana wanne, na mwenye mkono mwepesi kuliko wote aliitwa Jeanine. Kwenye karatasi za kazi alikuwa Citoyenne Nsimire, maana serikali ilikuwa imekwisha kukataza majina ya ubatizo, lakini chumbani, mlango ukifungwa, kila mtu alikuwa na jina lake la zamani. Asubuhi moja ya mwaka 1973 Jeanine alisimama mbele ya meza ya Cibalonza, ameshika ukingo wake kwa mikono miwili.

"Maman Chef, naomba ruhusa ya leo tu. Tumbo inanikata."

"Hiyo tumbo inajua kupiga mashine?"

Wasichana wakacheka. Jeanine hakucheka.

"Maman, niko na mimba ya miezi tatu. Inanikata kabisa."

"Mimi nilibeba mimba mu kiti hiki, sikumusumbua mutu. Kaa. Ripoti ya shamba ya Kavumu inangojewa."

Jeanine alikaa. Alipiga kurasa kumi na saba mpaka saa kumi jioni. Kabla ya asubuhi mimba ilikuwa imetoka.

Hakuna anayeweza kusema kwamba siku moja ya kulala ingeliiokoa; daktari mwenyewe hakusema. Lakini Cibalonza alikuwa ameuona uso wa Jeanine ukiwa na rangi ya majivu, na aliamua kuita jambo lile uvivu. Hilo alilijua, na mtu hawezi kujificha jambo analolijua. Alituma kitunga cha maharagwe kwa mkono wa Papa Aloys, planto wa biro, yaani tarishi wa ofisi. Mwenyewe hakwenda. Jeanine alirudi baada ya wiki moja, na kwa miaka miwili iliyofuata alimpa mkubwa wake maneno mawili tu: "Ndiyo, Maman Chef," na "Hapana, Maman Chef."

Halafu ukafika mwaka 1975, na zamu ya mwili wa Cibalonza.

Ilianza na dirisha. Bukavu si mji wa joto; upepo wa ziwa unapanda vilima, na asubuhi watu wanakwenda kazini wamejifunga shingo. Cibalonza alikuwa akiingia, anavua koti, anakaa, anasimama, anafungua dirisha, anakaa, anasimama tena kulisukuma mpaka mwisho. Karatasi zikaruka. Wasichana wakaanza kuweka mawe juu ya nakala zao.

"Maman Chef, tunaganda!" alisema Valérie, aliyekuwa mcheshi wa chumba. "Vidole vyangu viko kama samaki ya frigo."

"Vaa triko."

"Niko nazo mbili."

"Basi piga haraka, utapata joto."

"Maman Chef yeye anachoma makaa ndani," Valérie akanong'ona kwa sauti ya kusikika, na chumba kizima kikaangusha vichwa juu ya mashine ili kuficha meno.

Lilikuwa kama makaa kweli. Moto ulianzia kifuani, ukapanda shingoni, ukatoka usoni kwa jasho, halafu ukamwacha akitetemeka, na baada ya nusu saa ukarudi. Stensili, karatasi ile ya nta inayotobolewa na herufi, haipendi mkono wenye maji. Kila kosa linapakwa dawa nyekundu, linasubiriwa likauke, ndipo herufi inapigwa upya. Chupa moja ya dawa ile ilikuwa ikimtosha Cibalonza mwaka mzima. Sasa iliisha kwa wiki tatu, na aliinunua nyingine kwa siri kwa mfuko wake, asije mtunza ghala akauliza. Alikuwa akienda kwenye kabati, anafika, hajui alifuata nini. Nyumbani hakulala. Mume wake, Benoît, mwalimu mpole wa shule ya msingi, alimwambia siku moja kwenye chai, "Unatembea mu nyumba kama mulinzi. Mwizi mwenyewe anatuogopa." Alikusudia kumchekesha. Cibalonza alisukuma kikombe, akatoka bila kuaga, akafika nusu ya njia ndipo akakumbuka kwamba ameacha mkoba, akarudi, akauchukua, akatoka tena bila kuaga.

Lililomtisha zaidi lilikuwa damu. Mwezi uliweza kukosa mara mbili mfululizo, halafu ukaja kama bomba lililopasuka na kukaa siku kumi na mbili. Alikuja kazini na vitambaa vinne vilivyokunjwa chini ya kitabu cha misa. Choo cha biro kilikuwa kimoja, nyuma ya ua, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari nyuma ya kiti cha Papa Aloys. Kila mwanamke aliyeutaka alipaswa kumwomba. Kwa miaka yote Cibalonza aliuomba mara moja kwa siku, au hapana. Sasa aliuomba mara nne.

"Maman Chef, leo choo imekupenda," alisema mzee yule, bila ubaya.

Tangu siku hiyo alijizuia, hata alipojua kwamba kujizuia ni hatari. Huo ndio upumbavu wa sheria za namna ile: yeye aliyeiandika hakujipa hata nafasi ya mlango.

Alikwenda kwenye zahanati ya misioni Jumamosi moja, mwanzoni mwa mwezi wa tano. Masera Emérence, mtawa muuguzi mwenye mikono mikubwa na maneno machache, alimvuta ukope wa chini akautazama.

"Uko na miaka ngapi?"

"Makumi ine na nane."

"Basi mwili unafunga kazi yake. Kwa wengine unafunga mulango polepole. Kwako unaubamiza. Haiko aibu, na haiko bahati mbaya. Lakini damu imekwisha mu macho yako. Lazima upumzike."

"Masera, siku hizi tunajitayarisha kwa sikukuu ya chama. Hakuna anayepumzika."

"Sikukuuliza habari ya chama." Akaandika karatasi, siku tano za mapumziko, akapiga muhuri. "Peleka kwa direkta yako."

"Ataniuliza ni ugonjwa gani."

"Mwambie."

Cibalonza alikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya kitabu cha misa, kwenye kurasa za kuwaombea wafu. Ikabaki hapo.

Sikukuu ya chama tawala, chama pekee cha nchi, ilikuwa tarehe ishirini Mei. Direkta wa kila kampuni ndiye alikuwa pia mwenyekiti wa chama mahali pake pa kazi, kwa hiyo aliyelipa mishahara ndiye aliyepima jinsi watu wanavyopiga makofi. Kwa wiki mbili kazi ilisimama saa nane, na wafanyakazi wote wakashuka uani kufanya mazoezi ya animasio, zile nyimbo na michezo ya kusifu chama. Wanawake waligawiwa vikwembe, yaani vitenge, vipya vyenye picha ya mwenge, alama ya chama, viwili kwa kila mmoja, kimoja cha kujifunga na kimoja cha juu. Citoyen Muhigirwa aliagiza kwamba Maman Chef acheze mbele, kwa kuwa yeye ni mkubwa wa wanawake. Alicheza. Alikuwa mama wa watu wazima, na alitikisa kiuno mbele ya madereva na wapagazi wa magunia, na hakuna aliyeona ajabu, maana nchi nzima ilikuwa ikifanya hivyo.

Asubuhi ya sikukuu mjumbe wa mkoa alichelewa. Walicheza ili kumngoja, wakacheza tena kwa kuwa hajafika, halafu Muhigirwa akaruhusu wakubwa waketi kwenye viti vya mbao mstari wa mbele. Jua lilikuwa kali kuliko kawaida. Cibalonza alikaa, na alipokaa alijua. Alibana magoti. Alitazama upande wa choo: ua mzima ulikuwa katikati, na Papa Aloys alikuwa amekwenda kusimama getini kwa gwaride na ufunguo mfukoni. Aliinua mkono kidogo kumwita Valérie, kisha akaushusha. Amwambie nini? Amwambie kwa maneno gani, yeye?

Ndipo gari la mjumbe likaingia. Filimbi ikalia, bendera ikaanza kupanda, wimbo wa taifa ukaanzishwa. Kwa wakati ule hata barabara ilisimama. Nje ya ukuta mpagazi mmoja alisimama na gunia kichwani, wapita njia wakakauka walipo. Uani watu wote mia moja na zaidi walisimama kama ukuta.

Cibalonza hakusimama.

Kikwembe chake kilikuwa cha manjano. Angesimama, walio nyuma wangeona yote, na damu ilikuwa juu ya mwenge wenyewe. Alibaki ameketi, macho mbele, mikono juu ya magoti, na mjumbe alikuwa hatua kumi kutoka kwake.

Jeanine alikuwa kwenye mstari wa wachezaji, pembeni. Aligeuza macho, akaona kiti, akaona namna magoti yalivyobanwa, akaona uso. Mwanamke hahitaji kuona zaidi. Alitoka kwenye mstari katikati ya wimbo, akaja, akaketi kando ya mkubwa wake, akafungua kikwembe chake cha juu na kumzungushia kiunoni, akafunga fundo. Alifanya hivyo bila haraka, kama anayemfunga mtoto. Wimbo ulipokwisha wote wawili walikuwa bado wameketi. Mjumbe aliinama akamwuliza Muhigirwa neno moja sikioni. Muhigirwa akatoa leso akajifuta midomo.

Gwaride lilipokwisha Jeanine alimwomba Papa Aloys ufunguo, na wakaenda nyuma ya ua, mlango wa choo ukiwa katikati yao, Cibalonza ndani, Jeanine nje.

"Kwa nini uliketi mu wimbo?" Cibalonza aliuliza kwa ukali, kama vile wako chumbani. "Unataka kujiua?"

"Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa na sababu."

"Njo sababu yangu vilevile."

"Sikukuomba."

"Najua. Na usizani nilifanya juu ya kukupenda, Maman Chef. Sikutaka wale wanaume wakucheke. Wakikucheka weye leo, kesho watacheka kila mwanamuke wa hii biro."

Maji yakamwagika ndani.

"Usiambie mutu," Cibalonza akasema.

"Mimi nitaambia nani? Kunyamaza ulitufundisha vizuri."

Kesho yake saa mbili na nusu Papa Aloys alileta faili nyekundu. Hapa inafaa kueleza desturi moja ya biro ile. Barua za siri, za kupandisha watu vyeo, za kuwaonya, za kuwafukuza, zilipigwa na Maman Chef peke yake, ndani ya kijumba chake cha vioo mwishoni mwa chumba. Nakala zilifungwa kwenye kabati lake, na alichopiga hakikutoka kinywani mwake. Kwa miaka kumi na minne hakuna mtu aliyejua habari yake kupitia kwa Cibalonza kabla barua haijatiwa sahihi. Citoyen Muhigirwa hakuwa na mtu mwingine wa kumpa kazi hiyo. Au labda hakufikiri. Faili lilikuwa na barua mbili zilizoandikwa kwa mkono wake, wino wa kijani, na ya kwanza ilikuwa inamhusu aliyetakiwa kuipiga.

Ilimwagiza Citoyenne Cibalonza aeleze kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, kwa nini alibaki ameketi bendera ilipopandishwa.

Aliipiga. Nakala nne, bila kosa moja, mikono mikavu, kama vile ni barua ya mtu wa Kavumu asiyemjua. Alijua pia jibu lake litakavyokuwa. Angeandika kizunguzungu na jua kali. Angeandika uaminifu wake wa miaka yote, na upendo wake kwa chama. Muhigirwa alikuwa amemwachia mlango wazi kwa sababu alimhitaji, na kizunguzungu si mwili. Kinaweza kumshika hata mwanaume.

Barua ya pili haikuuliza kitu. Ilimwambia Citoyenne Nsimire kwamba amefukuzwa kazi kuanzia siku ile kwa kudharau bendera, na nakala ipelekwe kwa chama. Jeanine alikuwa na miaka sita ya kazi, hakuwa na mjomba mkubwa, na mume wake alikuwa ameondoka Bukavu kwenda kutafuta dhahabu na kuacha watoto wawili. Mjumbe alikuwa ameona watu wawili. Mmoja alipaswa kutolewa kafara.

Cibalonza aliingiza karatasi. Alipiga tarehe. Alipiga jina. Moto ukampanda. Aliinuka akafungua dirisha, akaketi, akapiga "kuanzia leo," na kidole kikateleza. Alichomoa karatasi akaikunja, akaingiza nyingine. Tarehe. Jina. Kupitia kioo aliuona mgongo wa Jeanine, triko la kahawia lililoshonwa kiwikoni, ukitikisika kidogo kwa mwendo wa mashine. Alikuwa akipiga orodha ya wavunaji. Hakujua. Alikuwa akijua tu kwamba dirisha limefunguliwa tena, maana alisogeza jiwe juu ya nakala zake.

Akasimama. Akaketi. Akasimama. Alifika mlangoni, akarudi mezani, akashika mashine pande mbili kama anataka kuibeba tena kwenye kitunga.

Kweli ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana ilimsumbua. Kunyamaza kulikuwa kumekuwa kwake, mali yake, na alikuwa amejivunia. Lakini safari hii bei ya kunyamaza ilikuwa imewekwa juu ya kichwa cha mwingine, kama mwaka 1973, na juu ya kichwa kilekile. Angeweza kuita jambo hili siri ya kazi, kama alivyoita lile uvivu.

Alichukua kitabu cha misa kutoka kwenye mkoba, akatoa karatasi ya zahanati, akapanda ngazi.

Citoyen Muhigirwa alikuwa na miaka thelathini na sita, abakosi ya kijivu, ile suti isiyo na tai ya wakubwa wa chama, na meza iliyokuwa kubwa mno kwa chumba.

"Barua?"

"Yangu hii, iko tayari kwa sahihi. Ya Jeanine sikuipiga."

"Hapa hakuna Jeanine."

"Ya Citoyenne Nsimire sikuipiga."

"Kwa nini? Mashine imeharibika?"

"Mashine iko muzima. Barua njo haina kweli."

Muhigirwa alimtazama kwa mara ya kwanza. Watu hawakusema hivyo katika chumba kile. Cibalonza akaweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. Muhigirwa akaisoma.

"Mapumziko siku tano. Tarehe tatu Mei. Ulikuwa na hii, na hukuileta?"

"Sikuileta."

"Na haisemi ugonjwa. Ni ugonjwa gani?"

Chini, mashine zilikuwa zikilia kwa pamoja. Cibalonza alizisikia moja moja, na aliijua ya Jeanine.

"Damu, Citoyen Direkta."

"Damu ya wapi?"

"Ya wanawake."

Muhigirwa alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

"Ilipita mu kikwembe," Cibalonza akasema, na alipokwisha kuanza sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia kusomea barua. "Kama ningesimama, batu wote wangeona, na mjumbe vilevile, na ilikuwa juu ya mwenge. Ule mutoto hakuketi juu ya kudharau. Alikuja kunifunika."

"Kwa umri wako? Sasa... mambo hayo si yalikwisha?"

"Njo yanakwisha. Kabla ya kukoma inafanyaka hivi. Hata maman yako alipitia."

"Usimwingize mama yangu hapa."

"Sawa. Lakini alipitia."

Muhigirwa alikwenda dirishani, akampa mgongo, akatazama ziwa. Labda alikuwa anakumbuka mama mmoja, katika nyumba moja, aliyekuwa akifungua madirisha. Labda alikuwa anatafuta tu mahali pa kuweka macho.

"Na mjumbe nimwambie nini? Nimpelekee habari ya damu?"

"Mwambie mwanamuke alikuwa mugonjwa, mwingine akamusaidia. Hiyo haiko uongo."

Alirudi mezani, akaichukua rasimu ya wino wa kijani, ile ya kumfukuza Jeanine, akaipasua mara mbili, akaitia kwenye kikapu. Cibalonza akamshukuru, akageuka. Mkono wake ulikuwa tayari mlangoni.

"Maman Chef. Hii kitu inachukua muda gani?"

Angeweza kusema mwezi mmoja.

"Masera anasema labda mwaka, labda mitatu."

"Mitatu," akarudia Muhigirwa, na akaandika kitu.

Faili nyekundu lilirudi Ijumaa. Lilikuwa na barua moja tu, na ilikuwa yake. Kwa sababu za afya, Citoyenne Cibalonza anahamishiwa ghala la Minova, mwambao wa ziwa, kuandika vibandiko vya magunia, kazi nyepesi inayofaa umri wake. Chumba cha mashine kitapewa kijana aliyemaliza shule ya biashara mwaka uliopita. Aliipiga mwenyewe, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kuipiga. Alifanya kosa moja, akachukua chupa ya dawa, akangoja likauke.

Muhigirwa hakufanya hivyo kwa chuki. Aliona kwamba anamhurumia, na huruma ya namna hiyo ni njia iliyozoeleka ya kumwondoa mtu kwenye kiti chake bila kujiona mbaya. Ungelimwambia kwamba mwanamke yule angeweza kufanya kazi miaka mingine kumi kama angepewa siku tano za kulala na ufunguo wa choo, asingekuamini.

Kabla ya kuondoka Cibalonza alifanya mambo mawili. Aliuchukua ufunguo kutoka msumarini kwa Papa Aloys, aliyebaki mdomo wazi ("Maman Chef, na mimi nitalinda nini?"), akaupigilia msumari mpya ndani ya chumba cha mashine, nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna wa kuombwa. Na Jumapili baada ya misa alishuka Kadutu, kwenye nyumba ambayo miaka miwili kabla alituma maharagwe.

Jeanine alikuwa akifua uani. Hakuinuka mara moja.

"Nimekuja juu ya ile mimba," Cibalonza akasema. "Pole. Nilikuona siku ile. Niliona kabisa."

Jeanine aliikamua nguo mpaka tone la mwisho, akaitundika.

"Umechelewa sana, Maman."

"Najua."

"Keti basi. Usisimame mu jua."

Jeanine alibaki na kazi yake. Cibalonza alihamia Minova mwezi wa sita. Kwa miaka saba alipanda lori kila Jumatatu na kurudi kila Jumamosi, usiku tano kila wiki mbali na mume wake na nyumba yake, mpaka alipostaafishwa. Damu ilikoma mwaka wa pili. Hakurudishwa kwenye chumba cha mashine, na hakupiga mashine tena.